Alichosema Kunguru Darajani

Jumamosi, 4 Juni

Kunguru amekufa. Au hajafa. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Tulikwenda sinema watu wanne: Baba, Mama, Baba Mdogo na mimi. Sehemu ya kumi na moja ya Kunguru, yule jasusi wa koti jeusi ambaye Baba na mdogo wake wamemfuata tangu ya kwanza, kabla mimi sijazaliwa. Filamu zenyewe zinazungumzwa kwa lugha ninayosomea shuleni, na chini hakuna maandishi. Kwa hiyo kiti changu kinajulikana: katikati. Sikio la Baba kushoto, sikio la Baba Mdogo kulia, mkalimani mimi. Mbele ya watu siwezi kuomba hata chumvi, lakini kunong'ona najua. Ndiyo kazi pekee ninayosifiwa nyumbani.

Mwisho kabisa Kunguru yuko darajani. Amepigwa risasi. Helikopta juu, mabomu chini. Anashika redio, anasema kitu, daraja linaanguka. Taa zinawashwa.

Sikusikia! Hata neno moja! Helikopta ile, na mtu wa nyuma yangu anatafuna bisi kama anavunja kokoto.

Masikio mawili yakanijia kwa pamoja. Kasemaje? Kasemaje? Miaka yote ya shule ya lugha mbili, halafu niseme sikusikia? Nikamtazama Baba usoni. Uso wa mtu aliyechoka. Nikamwambia: amesema, nimefanya langu, sasa basi. Baba akashusha pumzi kama mtu aliyevuliwa viatu. Nikageuka kulia. Macho ya Baba Mdogo yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto. Nikamwambia: amesema, msinizike bado. Akanipiga begani mpaka soda ikamwagika.

Wote wakafurahi. Nikajiona hodari.

Jumapili, 5 Juni

Hodari wa nini!

Asubuhi, kwenye chai, Baba akaanza kuisifu filamu. Akasema katika zote kumi na moja hii ndiyo yenye akili, kwa sababu mwanamume amejua wakati wa kutua mzigo. Baba Mdogo akacheka. Kaka, akasema, ulilala mle ndani; jamaa kasema mwenyewe asizikwe, ya kumi na mbili iko njiani. Baba akauliza nani kasema. Baba Mdogo akasema Kunguru kasema! Basi wakanigeukia wote. Muulize mwanao. Muulize wewe, si ndiye mkalimani wako?

Nilikuwa na mkate mdomoni. Nikauacha ukae humo humo. Kisha nikashika tumbo, nikakimbilia chooni.

Mlango wa choo chetu ni wa bati, kila kitu unakisikia. Haikuwa filamu tena. Baba alisema wako watu hapa nyumbani wana miaka thelathini na nane na goti bovu, bado wanasubiri sehemu ya kumi na mbili.



Maana Baba Mdogo ni golikipa. Mtaani wanamwita Sumaku, jina la enzi ambazo mpira ulikuwa ukimnasa kifuani. Msimu huu timu yake imemwacha. Baba ni fundi wa majokofu na anamtaka karakanani. Yeye anataka kwenda kufanya majaribio kwenye timu ya mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Akichukuliwa, atahamia huko. Mpaka jana alikuwa hajaamua.

Mama akajaribu kuokoa chai. Akasema yeye filamu ilimchosha, jiko kubwa vile nyumbani kwa yule adui na hakuna hata mmoja aliyeonekana akipika. Hakuna aliyecheka.

Nitaandika wazi, maana hapa hasomi mtu. Akiondoka Baba Mdogo nitazungumza na nani? Tunalala chumba kimoja. Ndiye mtu pekee ninayeweza kumaliza sentensi mbele yake. Anajibu "mmh" tu, lakini mmh yake inasikiliza.

Jumatatu, 6 Juni

Mpango wa kwanza: kuyapata maneno ya kweli. Kuirudia filamu haiwezekani, tangu jana ukumbini wanaonyesha katuni. Nikaenda kwa kinyozi. Pale wanakaa walioiona filamu, na ambao hawajaiona lakini wanaijua zaidi. Nikakaa kitini. Nikauliza kwa sauti ambayo ilibidi niirudie mara tatu: Kunguru alisema nini mwishoni?

Moto!

Kinyozi akasema hakusema kitu, alikohoa. Muuza viatu akasema alitaja jina la yule mwanamke wa sehemu ya sita aliyefia kwenye maporomoko, na asiyelia pale hakuzaliwa na mama. Dereva wa lori akauliza mwanamke yupi, wa sehemu ya sita hakufa, aliolewa! Tena Kunguru wa kweli alikwisha siku walipobadilisha mwigizaji. Huyu wa sasa anakimbia kama mtu anayewahi choo. Kinyozi akasema afadhali huyu anatoka jasho, yule wa zamani alikuwa anapigana na watu ishirini koti halikunjamani, vita gani hiyo? Ya harusi? Mzee mmoja kwenye benchi akasema yeye alifurahia magari.

Kisha ikawa zamu yangu. Profesa, wewe wa lugha mbili, sema! Kinyozi akainama mpaka pua ikanigusa sikio: alikohoa, hakukohoa? Nikaitikia kwa kichwa. Kwa nguvu. Ili aridhike.

Mashine ilikuwa kichwani.

Sasa nina barabara kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Kinyozi amesema yeye hanyoi kichwa kinachokubali kila kitu. Nimevaa kofia. Maneno ya kweli sikuyapata.

Jumatano, 8 Juni

Nyumba imekufa ganzi. Ndugu wawili wanapitishiana chumvi kwa mkono wa Mama. Shemeji, mwambie kaka asogee. Mwambie shemeji yako nafasi ipo. Mama amesema yeye si posta.

Mpango wa pili. Huu una akili. Mtu hulainika akiambiwa mwenzake kalainika kwanza. Kwa hiyo nikaenda karakanani. Baba alikuwa ameingiza kichwa ndani ya jokofu la mteja. Ni rahisi kusema na mtu ambaye kichwa chake kiko ndani ya jokofu. Nikamwambia Baba Mdogo amekiri: Kunguru alichoka, na kaka yake alisema kweli tupu. Baba akatoka taratibu. Akauliza, amesema hivyo? Kwa mdomo wake? Nikasema kwa mdomo wake. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, hata mafuta yalipokwisha aliendelea kufuta.

Nikarudi nyumbani. Baba Mdogo alikuwa uani anafunga goti bandeji. Nikamwambia Baba amekiri: mtu hazikwi akiwa hai, na yeye angekuwa golikipa angejaribu mpaka kipenga cha mwisho. Sikupata mmh. Aligeuza uso ukutani, bandeji ikamponyoka ikabingirika mpaka kwenye ndoo.

Kunguru mwenyewe asingeweza! Bila bastola, bila koti. Na kofia kichwani.

Alhamisi, 9 Juni



Mezani. Baba akaweka kijiko chini. Akasema mdogo wangu, nimefikiri sana, huenda yule jamaa hakufa. Nenda kwenye majaribio, begi nitakufungia mwenyewe. Wakati huohuo, naapa, maneno yaligongana hewani, Baba Mdogo naye anasema kaka, ulisema kweli, alichoka. Jumatatu nakuja karakanani, unionyeshe pa kuanzia.

Kwa pumzi moja nilidhani nimeshinda.

Kisha Baba akakunja uso. Ameuma meno akatoa alichokuwa nacho, na mwenzake anakitupa? Akadhani anachezewa. Baba Mdogo yeye alisikia neno moja tu: nenda. Akauliza polepole, kwa hiyo nikikubali kuwa fundi wako ndipo unanifungia begi? Baba akasema si wewe uliyetaka kwenda? Naye Baba Mdogo: si wewe uliyetaka nibaki? Nimekukubalia, bwana! Umenifukuza! Sijakufukuza, mpumbavu wewe, nimekuheshimu! Heshima gani ya kufungiwa begi?

Mama akawatazama wao, kisha akanitazama mimi. Mama ananijua. Kofia ikawa nzito kama sufuria. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nilifungua mdomo kabisa.

Nikatia tonge.

Ijumaa, 10 Juni

Hakuna anayesema na mtu. Hata jokofu letu limekufa, na fundi amekataa kulitazama.

Mama amenifuata kwenye kamba ya nguo. Akaniambia, mwanangu, mdomo wako mdogo lakini una milango miwili. Akasema shemeji amekata tiketi ya kesho asubuhi. Akasema mwenye kulifunga fundo ndiye anayejua kulifungua. Nikamwahidi nitalifungua. Lini? Kesho. Akasema basi la kesho asubuhi halitaningoja mimi. Akanibandika shuka mbichi mikononi, akaondoka.

Nimefanya mazoezi ya kukiri mbele ya kioo. Kwanza kwa lugha ya nyumbani. Nikashindwa. Kisha kwa lugha ya shule, nikamaliza bila kigugumizi. Kosa ukilisema kwa lugha ya watu haliumi sana. Tatizo Baba Mdogo hataelewa.

Jumamosi, 11 Juni

Ameondoka.

Alikuwa ameketi kitandani anaingiza glavu moja ndani ya nyingine. Nikasema, Baba Mdogo. Akasema mmh. Nikasema, kuhusu lile daraja. Akainua uso. Akaniuliza, kweli alisema msinizike bado? Usinifiche, maana nimepanga maisha juu ya hilo.

Nikamtazama usoni. Hapo ndipo ninapoharibikiwa kila mara. Watu wengine wanaona uso. Mimi naona swali la mtihani, na jibu limeandikwa hapo hapo.

Nikasema kweli kabisa. Tena alisema mara mbili.

Akacheka kidogo. Akanivua kofia, akaiona barabara, akanivisha tena bila kuuliza. Begi alilifunga mwenyewe. Zipu ikakatika, Mama akalizungushia kamba. Baba hakutoka karakanani. Tulimsikia anagonga bati, na kazi ya kugonga bati hana wiki hii.

Nimerudi chumbani, nimesema sentensi nzima kwa sauti, kutoka mwanzo hadi nukta. Hakuna kilichojibu.

Jumapili, 19 Juni

Baba Mdogo amepiga simu mchana. Mama alikuwa anaanika nguo, nikapokea mimi. Kumsikia nilimsikia vizuri sana. Safari hii hakuna helikopta.

Hakuchukuliwa. Goti lilivimba siku ya pili ya majaribio, wakamchukua kijana ambaye hata ndevu hana. Sasa anapakia saruji ghalani, anakaa kwa mtu aliyewahi kucheza naye. Kurudi anaona aibu. Akaniomba nimwambie kaka yake ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi, na nimwambie polepole. Kisha akauliza kama nywele zimeota. Nikasema zinaota.

Nilipogeuka, Baba alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Ndiye? Kasemaje?

Uso ule. Wiki nzima hajamaliza sahani.

Nikasema amechukuliwa.

Baba akaketi kwenye kizingiti. Akajifuta macho kwa mkono wenye mafuta, akasema jasho. Kisha akainuka akaenda kwa kinyozi na bisibisi yake, na kutoka hapa nikasikia kelele za kushangilia. Akarudi mbio. Jumamosi wanakwenda wote kumtazama akicheza. Dereva wa lori atawapakia, muuza viatu anapiga ngoma, kinyozi ameahidi kufunga duka. Nikaona hatari. Nikaizima kwa akili: nikasema hatacheza Jumamosi, ameumia kidole. Kidole kidogo tu. Cha mkono wa kushoto.

Baba akaweka bisibisi chini. Kisha akasema mtu ameumia ugenini, hana ndugu, na hapa aliondoka bila kuagwa, hilo nalo la kungoja Jumamosi? Sasa hivi anatia nguo kwenye begi. Kesho anapanda basi la kwanza. Anamuuliza Mama kama lile shati la kijani la mdogo wake lilibaki, ampelekee. Mama analikunja, na ananitazama.

Lazima azuiwe! Akifika atamkuta mtu mweupe kwa saruji na vidole kumi vizima, na nani ataonekana mwongo? Nimeumiza kichwa tangu mchana, na hatimaye nimepata jibu. Ni rahisi mno, nashangaa sikuliwaza mapema. Akimaliza kufunga begi nitamwambia kidole kimepona.