Safari ya Mirihi Katika Chumba cha Nyuma

Jumapili, 6 Agosti

Leo saa sita kamili mchana nimeondoka duniani. Nimefunga mlango wa chumba cha nyuma, nikasukuma komeo kwa ndani, basi. Mirihi!

Nieleze, maana shajara hii itasomwa na vizazi. Chama chetu cha Wapenzi wa Anga kina wanachama watano na darubini moja. Darubini ni ya Daktari wa Meno. Haruhusu uiguse kabla hujanawa mikono, na ukichungulia anakushika kidevu utadhani anatafuta jino bovu. Wiki mbili zilizopita ikaja barua kutoka chuo kikuu: mwenyekiti wetu anaalikwa, Jumapili ijayo, kutazama kwa darubini yao kubwa, ile inayokaa kwenye jengo la paa la mviringo. Mwenyekiti! Hatuna. Tumekaa miaka mitatu bila mwenyekiti kwa sababu mimi na Daktari kila mmoja anamwona mwenzake hafai. Uchaguzi ni Jumamosi.

Nina miaka arobaini na sita. Natengeneza majokofu. Darasa la tano niliona kitabuni picha ya Zohali na pete zake, na tangu siku hiyo sijatamani kitu kama kuziona kwa macho yangu. Kwenye darubini ya Daktari, Zohali ni punje ya mchele. Ndiyo maana nimejitolea: siku saba peke yangu chumbani, kuthibitisha kwamba mtu wa kawaida anaweza kuhimili safari ya Mirihi. Nani atampigia kura mng'oa meno, mwanaanga akiwepo?

Sheria nimezitunga mwenyewe. Simu, hapana. Kuzungumza, hapana, kwa kuwa sauti haipiti angani. Ni karatasi tu chini ya mlango, na kila karatasi inakaa dakika kumi na mbili kabla ya kusomwa, maana ujumbe wa redio kufika Mirihi huchukua kama muda huo. Mwalimu wa Fizikia, mstaafu na mwamuzi wetu, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na hizo dakika. Nikamwambia bila dakika hizo mimi ni mtu aliyejifungia stoo tu. Fundi Saa ametoa saa mbili za mezani: moja ninayo, nyingine iko kibarazani.

Mke wangu ndiye Kituo cha Ardhini. Hakuomba. Aliuliza tu kama nitakuwa nimetoka Jumapili ijayo, mapazia yanahitaji kuteremshwa.

Jumatatu, 7 Agosti

Usingizi mbaya. Nimelala ndani ya boksi la jokofu la milango miwili. Miguu inatokeza nje.

Dirisha ni moja na linatazama ukuta wa jirani. Hili sikulifikiria. Mwanaanga wa kwanza wa mtaa huu, na haoni hata nyota moja! Nimehesabu matofali. Mia mbili na kumi na nne.

Chakula: biskuti, karanga, maharage ya kopo. Kifungua kopo kimebaki duniani. Nimekula biskuti.

Saa kumi na moja jioni wanachama wamekuja kukagua. Nimewasikia wakivuta viti. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Yeye ni karani wa mapokezi hospitalini, miaka kumi na tisa sasa, na kusubirisha watu ndiyo kazi yake. Nikasikia akiwapa namba. Kweli, namba! Daktari wa Meno amepewa namba nne na amelalamika.

Swali lake limenifikia: nathibitishaje kwamba sitoki usiku kwenda kula jikoni? Nimemjibu kwamba mwanaanga ana heshima yake. Halafu nikaona nimempa wazo, nikakasirika.

Jumanne, 8 Agosti

Mazoezi: kuruka mara hamsini. Nimefika kumi na moja.

Jioni wamekuja tena wote, hata Mfamasia ambaye huwa hana nafasi. Dakika kumi na mbili za kusubiri wanazitumia kunywa chai na kupiga soga. Nimesikia kicheko. Kicheko kikubwa, cha watu wazima kushika mbavu! Nikaandika haraka: mnacheka nini? Nikasukuma karatasi. Dakika kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Jibu la mke wangu: "Ilishapita."

Halafu kitunguu. Mtu anakaanga kitunguu na harufu inapita chini ya mlango. Nimepeleka malalamiko rasmi kwa Mwalimu: harufu haipiti angani. Amejibu kwamba malalamiko ni ya haki, na kitunguu kilikuwa kitamu.

Jumatano, 9 Agosti

Ajali ya chombo!

Saa kumi na mbili na robo asubuhi boya la tangi la choo cha humu chumbani limekatika na maji yakaanza kufurika. Koki ya kufungia iko nje ya nyumba. Nikaandika kwa utulivu mkubwa: FUNGA MAJI NJE. Nikasukuma karatasi, nikatazama saa.

Dakika ya tatu maji yamefika kwenye boksi. Dakika ya sita boksi limelala. Dakika ya tisa nimepanda juu ya kiti na biskuti zote kifuani. Dakika ya kumi na mbili kamili, si sekunde kabla wala baada, nikasikia hatua za mke wangu zikikimbia, na maji yakakatika.

Baadaye akaandika kwamba alisikia maji tangu mwanzo. Alikuwa amekaa kibarazani, karatasi mbele yake, akitazama mshale wa saa. Lakini aliona nimesisitiza sana juu ya hizo dakika, na hakutaka kuniharibia safari.

Nimemjibu kwamba amefanya vizuri sana kiutaratibu. Nimekaa juu ya kiti hadi saa tisa.

Watu wenye akili hutengeneza boya kabla ya chombo kuruka.

Alhamisi, 10 Agosti

Mambo yameharibika kibarazani.

Kwanza, wamemwandikisha mke wangu uanachama. Mfamasia amependekeza, Fundi Saa ameunga mkono, wote wamepiga makofi. Nimeulizwa maoni yangu dakika kumi na mbili baada ya makofi.

Pili, amewauliza swali. Nililisikia lote, ingawa kisheria sikulisikia. Kwamba mtu akienda Mirihi na kurudi miaka karibu mitatu baadaye, je, kuna aliyewahi kupiga hesabu ya wale wanaobaki wakimsubiri? Watakula na nani, watagombana na nani, watazoea nini? Kisha Mwalimu, mtu ambaye miaka mitatu hajawahi kunisifu, amesema ndilo swali bora kuulizwa tangu chama kianze. Nimewapelekea kurasa tatu kuhusu mafuta ya roketi. Sijapata jibu.

Tatu, na hili limeniuma: Daktari amekuja na darubini yake na kuisimamisha kibarazani PANGU. Mwezi ulikuwa mchanga, jua likizama. Mke wangu amechungulia. Akasema, taratibu, kwamba kumbe una mashimo, kumbe una milima yenye vivuli. Miaka ishirini na mbili ya ndoa namwambia mwezi una mashimo! Alikuwa akiitikia mm.

Aliniandikia ukurasa mzima akinieleza alivyouona. Uzuri wa karatasi ile sitaki kuusema. Nimejibu kwamba pale alipoandika "vidimbwi" ingefaa kuandika "kreta", jina la kitaalamu la mashimo hayo.

Nina wivu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma, mbali na vizazi.

Ijumaa, 11 Agosti

Siku ya kampeni. Hotuba kurasa nne. Nimejiita "sauti kutoka sayari nyekundu" mara saba.

Nimempelekea Fundi Saa karatasi ya siri: akinipigia kura, nitamjazia gesi jokofu lake bure. Amejibu kwamba jokofu lake ni zima, kibovu ni gego, na gego liko mikononi mwa Daktari mpaka Jumatano ijayo. Kura moja imekwenda hivyo.

Nimepiga hesabu. Mwalimu ni wangu: anapenda sayansi. Mfamasia ni wangu: nilimtengenezea friji ya chanjo. Mke ni mke. Na mimi ni mimi. Nne kwa mbili. Ushindi wa kishindo! Nimejisogezea maharage, nikakumbuka kifungua kopo.

Jumamosi, 12 Agosti

Sina nguvu za kuandika lakini historia inanidai.

Uchaguzi ulianza saa kumi na moja. Mfamasia akasimama na kulipendekeza jina la mke wangu. Lake! Alidai mke wangu amewaweka pamoja siku tano mfululizo, jambo ambalo chama hakijawahi kuliona, na kwamba huwa anasubiri zamu yake kuongea. Mke wangu alikataa mara mbili. Wakamwandika.

Karatasi yangu ya kura ikapitishwa chini ya mlango. Dakika kumi na mbili nikaitazama ikiwa sakafuni. Kisha nikaokota, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, nikairudisha. Dakika kumi na mbili nyingine. Huko nje wakahesabu walizonazo: Daktari mbili, mke wangu mbili, mimi moja. Moja!

Maana yake kura yangu ndiyo iliyokuwa ikiamua. Kibarazani hakuna aliyekohoa. Watu watano wanatazama saa ya Fundi Saa wakisubiri karatasi iliyolala mbele ya vidole vyao. Sijawahi kusubiriwa namna ile maishani. Nilifurahi sana kwa dakika tisa hivi.

Mwalimu akasoma. Mbili, mbili, mbili.

Mwalimu akasema kura irudiwe, na kwa kuwa giza linaingia, warudie walioko duniani peke yao. Ikawa Daktari mbili, mke wangu tatu. Makofi. Viti. Kwaheri.

Nilikaa na kalamu. Mwalimu na Mfamasia walimpigia yeye tangu awali. Daktari alijipigia mwenyewe, Fundi Saa na gego lake wakamfuata. Kwa hiyo ile kura yangu ya kwanza, ile moja, ilitoka kwa mke wangu. Alikuwa amenichagua mimi. Hakuhama mpaka aliposikia jina langu likisomwa kutoka kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Hata hivyo angenijulisha msimamo wake mapema, kwa maandishi.

Sasa yeye ndiye atakayeziona pete. Mimi nitasimuliwa.

Jumapili, 13 Agosti

Saa tano asubuhi. Saa moja imebaki. Nimenyoa. Daktari wa Meno anaweza kuchekelea uchaguzi, lakini siku saba kamili hajazifikisha na hatazifikisha. Rekodi ni rekodi. Nitatoka saa sita kamili, nimuage mke wangu kwa heshima, gari la chuo linakuja saa nane.

Saa tano na nusu. Kuna honi nje. Gari la mtu. Mke wangu anapiga mlango. Anagonga kwa kiganja, anaita, anasema soma karatasi, mume wangu, isome sasa hivi tafadhali. Karatasi imeingia.

Aa, wapi! Nusu saa kabla ya kumaliza? Huu ni mtego wa Daktari. Amemtumia mke wangu bila yeye kujua. Nikijibu kwa sauti, safari imebatilika. Nimeziba masikio, nimegeuza saa inielekee. Tano na nusu. Nitasoma tano na dakika arobaini na mbili, kama kawaida.

Bado anaita. Sasa ameacha. Dakika ya nane, kimya. Dakika ya kumi, mlango wa gari umefungwa. Dakika ya kumi na moja, injini imeondoka. Jirani huyu na gari lake.

Saa tano na dakika arobaini na mbili. Nimesoma.

"Gari limekuja mapema. Jana niliwapigia simu chuoni, wamekubali mwenyekiti aje na mtu mmoja. Nimesema ni wewe. Shati lako nimelipiga pasi, liko kwenye kiti. Dereva anasubiri dakika kumi tu. Njoo twende tukazione hizo pete."

Nimesoma mara tatu. Nimekaa chini.

Dakika kumi. Nani anampangia mtu dakika kumi, wakati kila mtu anajua ni kumi na mbili?

Komeo liko hapa, sentimita thelathini kutoka kidoleni. Lakini mwanaanga hafungui mlango ovyo kwa sababu ameumia moyo. Kuna taratibu. Nimechukua karatasi safi na kuandika: "Nimepokea ujumbe. Nakubali. Nakuja." Nimeisukuma chini ya mlango saa tano na dakika arobaini na tano. Itamfikia saa tano na dakika hamsini na saba.

Nimevaa viatu. Nasubiri jibu.