Nguo ya Wajina wa Mama

Jamani, leo nimeaibika kimataifa. Naandika nikiwa bado hapa Bunda, ili majirani zangu wa Iringo waisikie kwangu kabla haijaongezwa chumvi na wengine.

Binti yangu Rehema yuko kidato cha tatu, anasoma bweni huku Manyamanyama. Shule yao iliingia kwenye mashindano ya wanafunzi wa nchi nyingi, ya kutafuta jina la roboti itakayoenda sayari ya Mirihi kutafuta dalili za maji. Rehema akapendekeza Nyabweke. Nyabweke ni mama yangu mzazi, yuko Kiriba, na enzi zake kiangazi kikikaza ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wenzake pa kuchimba wapate maji. Jina likapita mchujo hadi likabaki kwenye matatu ya mwisho. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulitetea mbele ya majaji, kwa video, dakika tatu tu. (Nimewatangazia wateja wangu wote. Hata waliokuja kupunguza suruali.)

Mama alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniagiza. Kwetu ukipata wajina unampelekea nguo, na anafunikwa nayo siku hiyo hiyo anayopewa jina. Sasa mimi ni fundi cherehani, kazi hiyo ningempa nani? Nikampigia Rehema kumuuliza roboti ina ukubwa gani. Akasema kama bajaji, ila magurudumu sita. Basi. Nikaenda kupima bajaji ya jirani, nikakata vitenge vya njano, nikaunga, nikatia lastiki chini na kuacha nafasi sita za magurudumu. Siku tatu cherehani haijapumzika. (Iko wapi hiyo roboti? Sikuuliza. Kwetu mtoto hapewagi jina hayupo. Nikajua wameshaileta shule.)

Nimefika saa nne, kanzu imenyooka, furushi la nguo kwapani. Ukumbi umejaa. Ukutani wanaonekana majaji watatu wa ng'ambo, wameshika kalamu zao. Mezani kuna kompyuta, na pembeni ya meza amekaa mgeni rasmi kutoka wilayani. Mimi macho yanatafuta kitu cha ukubwa wa bajaji. Nikajisemea wameificha stoo, wataisukuma ikifika zamu yake.

Zamu ya Rehema ikafika, ya mwisho kati ya majina matatu. Mkuu wa shule akaniita nisimame karibu na binti yangu. Nikasogea, nikalikunjua furushi langu mbele ya watu wote, nikauliza kwa sauti ya kujiamini:

"Nguo hii hapa. Mtoto yuko wapi?"

Mkuu wa shule akanionyesha mezani kwa kidole. Kulikuwa na kiroboti cha maboksi na vifuniko vya soda, hakizidi kiatu changu. Akaninong'oneza kwamba wanafunzi wamekitengeneza kwa mfano tu, roboti yenyewe iko Amerika, bado inaundwa.

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Mama alisema nifunike kwa mkono wangu. Nikafunika.

Nguo ya bajaji, jamani. Ilifunika kiroboti, ikafunika meza, ikafunika kompyuta, ikamfunika na mgeni rasmi mpaka kofia. Nikaivuta haraka kumwokoa, lastiki ikanasa waya wa kompyuta, ukachomoka. Ukutani kukawa giza. Majaji hawapo. Dakika za mwanangu zinaondoka, na mgeni rasmi anatokea kupitia tundu la gurudumu, bila kofia.

Hapo sikucheka. Kazi ya mtoto ya muhula mzima, nimeizima mimi baba yake.

Waliporudisha mtandao, jaji mmoja akasema imebaki dakika moja, kisha akauliza hilo tambara kubwa la njano ni la nini. Nilitamani nijifunike nalo. Rehema akaweka karatasi yake chini. Akanishika mkono, akaongea Kiingereza taratibu, mwalimu ananitafsiria sikioni.

"Huyu ni baba yangu. Bibi Nyabweke alimtuma alete nguo, kwa sababu kwetu hakuna anayepewa jina halafu akaachwa bila kufunikwa. Roboti yenu inaenda mahali penye baridi, peke yake. Sisi tumeshaihesabu ni ya nyumbani."

Dakika ikaisha. Majaji wakateta kidogo. Mmoja akavua miwani akaifuta. Halafu wakalitamka jina la mama yangu, vibaya kabisa, mara tatu, na ukumbi mzima ukasimama. Jina limepita! Nimelia mbele ya mgeni rasmi, naye nywele bado zimesimama kwa lastiki.

Sasa hivi Mama kapiga simu kutoka Kiriba. Habari ya ushindi kaisikiliza nusu tu. Anachotaka kujua ni kama nguo imemtosha wajina wake.

Nimemwambia imempwaya kidogo, lakini atakua.