Mikorosho Ishirini na Minne ya Baba Mkubwa

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeanza kuchora katuni. Mimi, Ashrafu, mwalimu wa tuisheni hapa Sofu, Kibaha, nitafundisha hesabu kwa katuni zinazotembea! Sababu ni mbili. Kwanza Herman, mwalimu mwenzangu, kajirekodi kwa simu mbele ya ubao, kapata watazamaji mia nne na kumi na wawili. Herman! Mtu anayeandika saba kama moja. Pili, Jumapili Baba Mkubwa Khalfani anatoka Kisarawe kunipelekea barua ya posa kwa kina Rukaya, nami nilishamwambia baba yake, Mzee Salehe, kwamba video zangu zinatazamwa Pwani nzima. Sina video hata moja. Siku sita zinatosha.

Programu nimeipata bure. Asubuhi yote nimechora mpira unaodunda. Haukudunda. Umeteremka chini ya kioo ukapotea. Nimeutafuta mpaka adhuhuri.

Jumanne, 9 Septemba

Mpira nimeachana nao. Mada: sehemu. Mfano: mirathi, maana mali ikigawanywa kila mtu anasikiliza. Mzee kafa, kaacha mikorosho ishirini na minne. Mke anapata thumni, yaani moja ya nane: mitatu. Watoto wa kiume wawili, sita kila mmoja. Wa kike watatu, mitatu kila mmoja. Haibaki hata korosho. Safi!

Shida ni mzee mwenyewe. Sijui kuchora mtu. Nimechukua picha ya Baba Mkubwa ya Idi, nikafuatisha mistari: kofia, ndevu, kanzu. Katoka yeye mtupu. Nikaandika jina lake chini, Mzee Khalfani, kwa kuwa sikupata jingine haraka. Ana wake wawili, Bi Mwanamvua wa Kisarawe na Bi Maulida wa Janga, lakini mwanamke mmoja tu, Bi Mwanamvua, kanichukua mpaka alasiri. Mmoja anatosha. Ni katuni.

Jumatano, 10 Septemba

Nilitaka mzee alale kitandani taratibu. Kaanguka kifudifudi, mguu mmoja ukabaki umesimama, kisha kapaa akatokea juu ya kioo. Nimemshusha mara tisa. Anapanda. Nimemwacha, video nikairusha hivyohivyo.

Mpaka saa sita, watazamaji watatu, mmoja mimi. Herman kaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole wake unaniudhi kuliko matusi. Hapo nikapata wazo! Video nikaibadilisha jina: MIRATHI YA MZEE KHALFANI, NANI KAPATA NINI? Nikaitupa kwenye grupu la ukoo na maneno haya: ndugu zangu, tazameni mpaka mwisho, inatuhusu sote.

Saa kumi, watazamaji mia mbili. Ukoo ni ukoo!

Alhamisi, 11 Septemba

Elfu moja na mia tatu! Herman hajanisalimia.

Simu haijanyamaza. Nilidhani ni pongezi. Watu wananipa pole! Kumbe nusu ya ukoo waliishia pale mzee alipoanguka. Bi Maulida katoka Janga analia njia nzima, nyuma yake majirani na mikeka na masufuria ya msiba. Wamefika Kisarawe, wamemkuta marehemu anakula fenesi.

Bi Maulida kanyamaza. Kisha wakamwonyesha video yote, akaanza upya: mke mmoja tu, na si yeye. Kauliza mbele za watu ameachwa lini. Naye Seif, mtoto mkubwa wa Baba Mkubwa, kapiga kutoka Dar. Shamba lina mikorosho sitini, hiyo mingine nani kaila? Nimemweleza kwamba sitini kwa nane haigawanyiki vizuri. Kakata simu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda Kisarawe kuomba radhi. Baba Mkubwa alikuwa barazani. Nikatoa shikamoo. Akageukia ukuta. Nikarudia kwa sauti. Akasema marehemu haitikii shikamoo. Wala, akaongeza, marehemu hapeleki posa.

Baba yangu alishatangulia mbele ya haki. Mtu wa kunisemea kwa Mzee Salehe ni huyu tu, bila yeye Rukaya nitamsikia kwenye bomba. Nimelia, na safari hii si kwa hila. Yule msichana nimempenda miaka mitatu. Baba Mkubwa akasema nimfufue kwanza, mengine baadaye.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemfufua! Kuna kitufe cha kurudisha video nyuma. Mzee anashuka, anainuka, mikorosho inamrudia yote. Nikaituma kwenye grupu kwa fahari.

Sikumwangalia mke. Mwanzo alikuwa anaingia ndani na mikorosho yake mitatu. Sasa anatoka kinyumenyume, anaikabidhi, anatokomea. Bi Mwanamvua kauliza talaka yake iko wapi. Nikawahi kuchora wake wawili: nikanakili yuleyule, nikambadilisha rangi ya kanga. Bi Mwanamvua anadai mwenzake kapewa sura yake. Bi Maulida anasema pua ile haitaki hata bure. Baba Mkubwa kapiga mwenyewe: wake zake wote wamegoma kupika, wamejifungia chumba kimoja wanaongea, jambo ambalo halijatokea miaka kumi na tisa. Kama anakuja kesho, hakusema.

Jumapili, 14 Septemba

Kwa desturi mwenye posa hatakiwi kuwapo. Nilijibanza kwenye genge ng'ambo ya nyumba ya Mzee Salehe, nyuma ya nyanya. Saa nne, hakuna mtu. Saa nne na nusu, hakuna mtu. Rukaya alichungulia dirishani, macho mekundu. Nikajua nimekwisha.

Mara Baba Mkubwa huyo! Kanzu nyeupe, bahasha mkononi, wake wawili nyuma. Kumbe wao ndio waliomsukuma: waliosikia kafa wamwone anatembea, na waliosikia wameachwa wawaone nao. Mzee Salehe alirudi nyuma hatua mbili. Video alikuwa ameiona.

Bi Maulida aliniona nyuma ya nyanya, nikaitwa ndani. Mzee Salehe kaniuliza: thumni ya ile ishirini na minne, wake wawili, kila mmoja mingapi? Nikasema mmoja na nusu. Akauliza shoka atashika nani. Bi Maulida alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Barua imepokelewa! Jibu wiki ijayo. Rukaya kanipa sharti moja tu: mpaka jibu litoke, nisimchore mtu yeyote wa kwao. Nimeapa. Kwa furaha kaniingiza kwenye grupu la familia yao, wanizoee.

Jumatatu, 15 Septemba

Elfu tatu, mia moja na kumi na nne! Herman kaja kuuliza natumia programu gani. Nimemwambia ni siri ya kazi.

Nimetafakari sana kosa langu. Nimeliona: mikorosho. Sasa nahamia mada nyingine kabisa. Duara! Duara lilinishinda kuchora, linatoka kama kiazi. Lakini jana Mzee Salehe alivua kofia kujipepea, na Mungu wangu, kipara kile! Mviringo safi, hakina kona hata moja. Picha nilipiga kwa siri. Leo nimefuatisha mistari. Kiapo changu kiko palepale, maana nilikatazwa kuchora mtu, na hiki ni kichwa tu.

Jina: KIPARA CHA MZEE SALEHE, MZINGO WAKE NI KIASI GANI? Nimeituma kwenye grupu la kina Rukaya. Wameshatazama kumi na mmoja, wa kwanza Mzee Salehe mwenyewe. Naona anaandika. Anaandika kwa muda mrefu sana. Mzee anapenda hesabu, zitakuwa pongezi.