Buibui Mpole wa Kuanzia

Jumatatu, 3 Machi

Anarudi! Binti yangu anarudi moja kwa moja, na anarudi na buibui kumi na mmoja. Amepata kazi chuo kikuu, kufundisha habari za buibui. Si hawa vijibuibui wa kwenye dari. Ni wale wakubwa wenye manyoya, wanaoenea kiganja, wanaitwa tarantula. Nani mwingine mtaa huu amezaa mwalimu wa chuo? Nimeshawaambia wateja wote wa saluni. Mmoja alikuwa chini ya draya, hakusikia vizuri. Nikazima draya nikamwambia upya.

Shida ni Wifi, dada wa mume wangu. Hana mtoto wa kike, basi wangu amemng'ang'ania tangu ananyonya. Kabla sijamaliza kusoma ujumbe wa mwanangu, yeye ameshampigia na ameshampa chumba. Kina vigae. Kina feni. Buibui wote wakae humo, eti yeye hajui kuogopa. Binti kanijibu kistaarabu: atakuja Jumapili peke yake, buibui watafuata kwa mzigo, na atakaa kwenye nyumba ambayo wenyewe hawataishi kwa hofu. Hataki mtu apandishe presha kwa ajili yake. Mtoto ana huruma sana. Kairithi kwangu.

Sasa, mimi buibui siwawezi. Hata kale kadogo ka bafuni humwita mume wangu akatoe, nami nasubiri uani. Binti anajua. Wifi anajua kwamba Binti anajua.

Kwa hiyo nimepanga. Nitanunua buibui wangu mwenyewe, mpole, wa mtu anayeanza. Jumapili Binti akiingia atanikuta sebuleni, buibui kiganjani, mkono wa pili kikombe cha chai. Mume wangu nimemweleza. Ameuliza kama hao kumi na mmoja watachangia umeme, akarudi kwenye redio yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia Binti. Nimesema kuna rafiki yangu anataka kufuga buibui ila hajui aanzie wapi. Akaniuliza rafiki gani. Nikasema humjui.

Akasema rafiki asichague kwa sura, achague kwa tabia. Hayo mimi nilimwambia yeye alipofikisha miaka kumi na minane, kuhusu jambo jingine. Akasema wale wa Asia na wa Afrika wana mbio na wanauma vibaya, mwanafunzi asiwasogelee. Wa Amerika ni wa polepole. Wakiudhika wanakuna tumbo kwa miguu ya nyuma na kukurushia vinywele vinavyowasha. Nimeshika nywele za watu maisha yangu yote. Hizo hazinitishi.

Tukawachambua mmoja mmoja, kama ukoo wa mchumba. Yule wa magoti mekundu ni mrembo, lakini mwepesi wa kurusha vinywele. Yule wa rangi ya waridi, wa Chile, ni mpole, ila Binti anasema hana uhakika: leo ametulia, kesho kanuna, na hujui umemkosea nini. Nikamfikiria Wifi. Nikamkataa. Yule wa nywele za kipilipili ni mtulivu na bei yake ni nafuu. Hapo nilivutika, ni nywele za kazini kwangu. Lakini watu wangesema nimechukua wa bei ya chini. Kisha Binti akataja mweusi wa Brazili. Mweusi tii, laini kama mahameli, mwendo wa mtu aliyeshiba, mpole kuliko wote. Basi, huyo huyo. Na awe jike, maana majike wanaishi miaka ishirini na zaidi, madume wanakwenda mapema. Sikushangaa.

Binti akaongeza kwamba rafiki asipende kumshikashika, akianguka hata kutoka mapajani tumbo hupasuka. Alikuwa anaanza kunieleza na jambo fulani kuhusu kulala chali, lakini mteja wa rangi akaingia. Nikamwambia rafiki yangu ameelewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mwenye Duka la samaki wa mapambo. Huuza na ndege, na ukimuuliza kwa sauti ya chini, na buibui. Akasema mweusi wa Brazili hana, ila ana wa bluu, mpole vilevile, na ananipunguzia. Kweli alikuwa mzuri, bluu ya kung'aa. Mwenye Duka akafungua kifuniko. Yule buibui hakutembea. Alikuwa huku, kisha alikuwa kule. Hapo katikati sikumwona. Mwenye Duka akasema anakusalimia.

Nikauliza kwao wapi. Asia. Nikasema ahsante, mimi si wa kuja leo. Mwenye Duka alinitazama kwa heshima mpya.

Mweusi ataletwa Ijumaa kutoka kwa mwenzake wa mji mwingine. Pesa ya draya mpya imeishia hapo. Ya zamani inatoa joto upande mmoja tu. Wateja watageuza vichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshindwa kukaa kimya. Nimempigia Wifi, nikamwambia nimeagiza buibui. Akauliza, jeusi? Nikasema mweusi tii, wa Brazili, kama mahameli. Nikamsikia anameza mate.

Akauliza, ni zito? Nikasema mzito kiasi, ndiyo maana mwendo wake wa madaha. Akauliza linafika wapi. Nikamweleza kama Binti alivyosema, kwamba anafunika mkono wote, kiganja mpaka ncha za vidole. Wifi akasema hiyo ndiyo heshima yenyewe, haya ya siku hizi yanaishia kwenye kiwiko. Mimi wa kiwiko sijawaona, lakini sikutaka kuonekana mshamba.

Akauliza likimwagikiwa chai itakuwaje, lifuliwe na sabuni gani. Nikamwambia haoshwi. Akakubali, akasema vitu vya ng'ambo ndivyo vilivyo. Kisha akashusha sauti, akaniomba nimwazime Jumapili, siku ya Binti, japo saa moja, litakwenda na viatu vyake vya dhahabu. Viatu vinahusu nini sikuelewa. Labda anaogopa kung'atwa vidole vya miguu. Nikamwambia njoo, nitakupa umshike. Ukiwa na kitu lazima uwe na moyo.

Ila jambo moja. Wifi amesoma kunizidi, na hapendi tusahau, lakini ngeli hana. Simu nzima ni lina, linafika, hilo. Mimi niliyeishia shule ya msingi nasema huyu, kwa sababu Binti alinifundisha: chenye uhai ni yeye. Nimemsamehe. Miwani pia amepewa na daktari na havai, anasema inamzeesha. Mtu wa namna hiyo ngeli ataionea wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Amefika. Nimempa jina Bibie. Anakaa chumbani kwetu kwenye boksi la plastiki lenye matundu, chini makumbi ya nazi yaliyosagwa, pembeni nusu ya chungu cha maua awe anajificha, na kifuniko cha chupa chenye maji. Yote haya amepanga mume wangu. Mimi nilikuwa nasimamia kutoka mlangoni.

Ni mpole kweli. Saa nzima hakufanya lolote. Nikaona huu ndio wakati wa mazoezi. Nikavaa glavu ya oveni, nikasogea, nikaweka mkono juu ya kifuniko. Bibie akainua mguu mmoja.

Nilijikuta uani. Sijui nilipita mlango gani.

Nyenje aliyeletewa amekataa kula. Nimesema ni adabu, ugenini mtu hali siku ya kwanza. Usiku nyenje akaanza kuimba, mume wangu akashindwa kusikia taarifa ya habari, akamtoa.

Jumamosi, 8 Machi

Bibie amekufa.

Nimemkuta asubuhi amelala chali, miguu minane juu. Ametulia kabisa, lakini si utulivu ule nilioulipia. Nadhani ni harufu ya dawa ya nywele niliyorudi nayo kutoka saluni. Mume wangu akasema labda amepumzika. Nikamuuliza kama yeye hupumzika hivyo. Akasema siku za Ijumaa, ndiyo.

Nilitaka kumgeuza nione. Nilikaa na kijiko cha mbao mkononi mpaka chai ikapoa. Sikuweza. Nikafunika boksi kwa taulo nikatoka.

Ndiyo hivyo. Binti ataingia, atakuta maiti, atabeba begi lake aende kwenye vigae. Miaka yote hii nimelala na picha yake ya mahafali kando ya kitanda, sasa nimpate mjini humu humu halafu nimtembelee kwa shangazi yake, nivue viatu mlangoni?

Hapana. Mimi ni msusi.

Nimefunga saluni mapema. Nimechukua rasta nyeusi namba moja, nimesuka misuko minane, nikaikunja magoti kwa waya mwembamba. Tumbo nimetengeneza kwa pamba, juu nikashonea manyoya ya wigi. Nikachana. Nikapaka mafuta kidogo. Wallahi, kama hujui hujui. Ni mzuri kuliko marehemu. Na huyu namshika bila glavu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika hili kwa utaratibu maana mambo yalikuja kwa pamoja.

Binti alibisha mlango wa mbele. Nilikuwa nimekaa kama nilivyopanga: chai mkono wa kushoto, buibui wa rasta kiganja cha kulia. Mwanangu! Amenenepa, amekuwa mtu mzima, ana begi la ngozi. Nilitaka kumrukia shingoni, lakini nikajikaza. Nikamwambia karibu mama, usishtuke, ni Bibie tu, tumezoeana.

Binti akainama. Akamtazama Bibie muda mrefu. Akasema kweli ni mpole.

Kumbe wakati huo Wifi ameshaingia kwa mlango wa uani, kama anavyofanya siku zote kwa sababu hii ni nyumba ya kaka yake. Kamuuliza mume wangu buibui liko wapi. Mume wangu, bila kuinua macho kwenye redio, akamwambia lipo chumbani kwenye boksi, chini ya taulo.

Akatokea sebuleni na viatu vya dhahabu. Kwenye kiganja chake cha wazi amebeba buibui mzima, mweusi, miguu yote inaning'inia.

Wifi! Mkono mtupu! Nikajua nimeshindwa, vigae vimechukua.

"Wifi, nimekuta hiki kipande tu," akasema. "Buibui lenyewe umeliweka wapi nivae?"

Binti akasimama taratibu. "Shangazi, hilo ni ganda."

"Ganda la nani?"

"La buibui. Amejivua leo au jana."

Wifi akafungua mkoba kwa mkono wa pili, akatoa miwani, akaivaa mbele za watu kwa mara ya kwanza. Akatazama kiganja chake. Akaliweka lile ganda mezani polepole, kama mtu anayetua kikombe kilichojaa. Akasema amekumbuka ameacha maji jikoni. Akatoka kwa kunyooka kabisa. Kiatu kimoja cha dhahabu kipo uani hadi sasa.

Binti akakimbilia chumbani. Bibie mzima! Amekaa kwenye nusu yake ya chungu, mweusi kupita alivyokuja, kama mahameli iliyotoka dukani. Kumbe wakilala chali vile ndiyo wanajivua ganda, na wakikaribia hapo hugoma kula. Binti akaniuliza kama nilimgeuza. Nikasema sikumgusa. Akauliza nani alimtoa nyenje, maana angeweza kumtafuna akiwa bado laini. Nikasema huwa tunamtoa usiku. Mume wangu alikohoa.

Binti akasema watu wengi wangemgeuza kwa haraka wakamuua. Nikasema lazima mtu ajizuie.

Kisha akarudi sebuleni, akamchukua yule wa rasta. Akamgeuzageuza. Akasema magoti nimeyapatia, ila miguu hutokea kifuani, mimi nimeiotesha tumboni.

"Mama, wewe unaogopa hata wa bafuni."

Nikamwambia wa bafuni ni tofauti, hatujatambulishwa.

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamtia yule buibui wa rasta kwenye begi la ngozi, kule kwenye karatasi zake za chuo. "Nitakaa hapa," akasema. "Mlango wa chumba cha buibui wangu nitaufunga kwa ufunguo, na wewe hutaingia."

Nikasema kama hivyo ndivyo anavyotaka, nitavumilia.

Usiku mume wangu akanieleza kwamba Wifi tangu Alhamisi alidhani nazungumzia buibui la kuvaa. Alicheka mpaka akapunguza redio. Mimi sikucheka. Maana yake ngeli alikuwa nayo sawasawa toka mwanzo. Msamaha wangu nimeurudisha.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi ametuma ujumbe. Anasema amefikiria, vigae vinateleza, viumbe vya watu vitaumia. Nimemjibu tunashukuru.

Saluni leo ilijaa. Nimewasimulia yote, yaani yale ya muhimu: jinsi nilivyokaa na Bibie usiku kucha akijivua, jinsi nilivyojua nisimguse. Mteja mmoja kaniita mtaalamu. Sikumkataza.

Ila Bibie hapaswi kushikwa hadi ngozi yake ikauke vizuri, na watu wanataka kuona nikishika. Rasta haiko, Binti kaondoka nayo chuoni kuwaonyesha wenzake. Nikapita kwa Mwenye Duka. Yule wa bluu bado yupo, na bei imeshuka tena. Binti alisema wa Asia si wa mtu anayeanza, ni kweli, lakini mimi siyo tena mtu anayeanza. Alinisalimia vilevile. Mwenye Duka hakuona alikopita, mimi pia sikuona, ila baadaye tulimkuta.

Yuko chini ya kitanda changu ndani ya boksi, nimeweka tofali juu. Binti sijamwambia. Nataka na yeye ashangae.

Mzigo wa buibui kumi na mmoja unafika Jumamosi. Nimewaalika wateja wote, Mwenye Duka, na Wifi, aje na miwani, kiatu chake atakikuta. Nitakuwa nimekaa sebuleni, chai mkono wa kushoto. Jumamosi mchana, waje wote.