Mbu Mia Nne na Ng'ombe wa Valerie

Kitengela,
4 Desemba 2006

Kwa Bwana Kimanzi,
Msimamizi wa Mitego ya Mbu

Bwana Kimanzi,

MINTARAFU: KUHESABIWA MBU KUPITA KIASI

Pokea heshima zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni Nashon Wanyonyi, mwalimu, yule ambaye mliangika mtego nyuma ya jikoni yake mvua ilipoanza, ili mjue mapema kama ule ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbu, ambao hushika hata watu, unakuja. Nilikubali kwa moyo mweupe. Sasa niko na malalamiko.

1. Jumanne iliyopita dada Phylis, anayekuja kuchukua kifuko cha mbu, alihesabu mia nne na kumi na wawili, tena kwa sauti, majirani wakisikia. Jirani yangu Awale ako na dimbwi ambalo bata wanaogelea, lakini kwa kuwa hana mtego, kiserikali hana mbu hata mmoja. Hiyo ni haki kweli?

2. Mtego wenyewe una taa, na inawaka usiku kucha. Jameni, ukiwawashia taa si watakuja? Wengi wa hao ni wageni wenu, na mnawaandika kwa jina langu.

3. Phylis mwenyewe alinieleza kwamba mbu dume haumi. Basi dume anahesabiwa kwa kosa gani?

4. Hapa ndipo roho inaniuma. Phylis anasema hesabu ikiendelea kupanda, daktari wa mifugo atazuia ng'ombe wasitembezwe. Bwana Kimanzi, binti yangu Valerie anaolewa na kijana wa mzee Metito, huku nyuma tu, mbugani. Tarehe kumi na sita Metito ananiletea ng'ombe kumi na watatu wa mahari. Ndugu zangu wanatoka Bungoma kuja kuwaona, na kwetu ng'ombe wa mahari haonwi kwa picha wala kwa ahadi, anapapaswa mgongo. Wakikuta ua mtupu watasema nimemtoa mtoto bure, na maneno hayo nitayasikia mpaka nizikwe.

5. Kwa hivyo naomba mhesabu wale tu waliouma mtu, tena mtu huyo awe na shahidi. Kama ni vigumu, simamisheni kazi hadi tarehe kumi na saba. Baada ya hapo hesabuni hata mbu wa mwaka jana, sitatia neno.

Nisalimie wote ofisini, na walio nyumbani. Phylis mwambie sina kinyongo naye, ila apunguze sauti.

Ni mimi mwenye kuwaheshimu,
Nashon Wanyonyi

Baada ya kusaini: Nilikuwa nafunga bahasha simu ya Metito ikaingia. Ng'ombe wake wanne wameharibu mimba tangu jana, na mchungaji wao ameshikwa na homa. Bwana Kimanzi, nisamehe. Kila Jumanne asubuhi, kabla Phylis hajafika, nimekuwa nikifungua kile kifuko na kuwaachilia zaidi ya nusu. Wale mia nne ni waliobaki. Hesabu zangu zote zidisheni mara mbili, ama tatu, na ng'ombe muwazuie leo leo. Ndugu zangu nitawaambia mwenyewe. Tafadhali tumeni daktari kwa Metito kwanza, kabla ya kuja kunigombeza. Valerie yuko huko tangu Ijumaa kumsaidia mama mkwe, na ndiye anayewakamua.