Ndiva Ndani ya Mashine Namba Tatu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Jumamosi nitashuka Same mjini. Kwa sasa ni mimi tu ninayejua.

Mwalimu Loth ametangaza kwenye klabu ya kompyuta. Kuna maonyesho ya shule. Sisi wa huku milimani tutaonyesha slaidi arobaini za kilimo cha tangawizi. Nafasi ya mwanafunzi ni moja. Atakayezionyesha zote kwenye kompyuta yake siku ya Ijumaa bila mashine kuganda, ndiye atakayeshuka na mwalimu na kushika maikrofoni.

Maikrofoni! Nina miaka kumi na sita na sijawahi kuishika. Kanisani wanashika wanakwaya, na mimi kwaya walinishauri nipumzike.

Kompyuta zetu ni za msaada, kuukuu, zina kumbukumbu ya GB mbili tu. Zinatumia mfumo mwepesi wa Linux, na hata hivyo zikifungua slaidi zile, mshale unasimama katikati ya kioo kama mbuzi aliyeona gari.

Mpinzani wangu ni Blessing. Wengine wamesema wana mazoezi ya netiboli. Blessing ana mashine namba moja, mimi namba tatu. Ni mtaratibu, anapiga mistari kwa rula, hasemi kitu. Watu wa namna hiyo ni hatari.

Mwalimu alieleza kwamba kumbukumbu ikijaa, kuna sehemu yake iitwayo zram. Vitu visivyotumika kwa sasa vinabanwa humo kama nguo kwenye begi la safari, nafasi ipatikane. Nilielewa papo hapo. Ni ndiva! Ndiva yetu, bwawa la kijiji, hukusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi tunayafungulia mashambani. Sasa hivi zram yetu ni nusu ya kumbukumbu. Nani anachimba ndiva nusu?

Mpango: kuipanua.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeipanua. Mara tatu ya kumbukumbu yote! Nilibadilisha namba kwenye mipangilio, nikawasha upya, na mashine yenyewe ikakiri kwa maandishi: GB sita. Nikawatangazia wote. Blessing aliuliza hizo sita zimetoka wapi. Nikamjibu kwamba ni mambo ya ndani.

Slaidi ya nane: mbuzi.

Tulisubiri. Nikaibembeleza. Nikaiita kwa jina. Mwishowe Mwalimu Loth akaizima kwa kubonyeza kitufe kwa nguvu. Alisema zram haitoki nje, inakaa ndani ya kumbukumbu ileile. Tena picha za kwenye slaidi hazibaniki kama maandishi. Ukibana mchicha unapungua, ukibana mawe unaumia mikono. Akairudisha kwenye nusu mbele ya Blessing, ambaye alikuwa ameuma midomo ili asicheke. Ustaarabu wa aina hiyo unauma kuliko kicheko.

Jumatano, 17 Septemba

Alfajiri tulikuwa na msaragambo wa kuzoa tope kwenye ndiva, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Sisi tulikwenda wawili, kwa kuwa mama yumo kwenye kamati ya maji. Nikiwa na tope hadi magotini nilimsimulia mkasa wangu.

Akacheka mpaka akaegemea jembe. Akauliza, yaani mimi Ernesta nimechimba ndiva katikati ya shamba, nikaipanua mpaka shamba lote likawa ndiva, sasa mahindi nitapanda wapi, kichwani? Akawaita na kina mama wengine waje wasikie. Wakaja. Wakasikia. Mmoja akaomba nirudie.

Mama hajasoma kompyuta.

Lakini aliposoma orodha ya zamu za maji, nikapata wazo. Nyumba namba moja inafungua kwanza. Namba kumi inasubiri mpaka alasiri. Zamu! Mashine nayo inaruhusu hifadhi mbili: zram, yenye kasi, na faili la akiba kwenye diski, ambalo ni kubwa ila polepole. Kila moja inapewa namba yake ya zamu. Zram nimeipa namba moja. Diski, namba kumi. Haki bin haki.

Saa tisa alasiri. Diski ilianza kukoroma kama mashine ya kusaga mahindi. Slaidi ya pili ilichukua muda wa wimbo mzima wa beti sita. Najua kwa sababu niliuimba. Blessing aliniomba kwa heshima niishie ubeti wa nne.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama amenipa simu yake nimpigie fundi Muhidin, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na stendi ya Same. Shikamoo. Marahaba. Nikamsomea namba zangu. Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe anacheka mbali na simu.

Akasema, “Binti, huko kwenye mashine mwenye namba kubwa ndiye anayetangulia.”

Nikamwambia hiyo si haki. Nyumba namba moja isubiri mpaka alasiri kwa kosa gani? Akaniambia nikailalamikie kamati yao, yeye hayumo. Basi ndiyo maana diski ilitangulia na kujikokota, huku zram ikikaa bure!

Nikageuza. Zram mia moja, diski kumi. Nikabonyeza. Slaidi ya kumi. Ya ishirini. Ya thelathini na moja! Hapo ndipo ikaganda, lakini thelathini na moja! Nilimkumbatia Mwalimu Loth, nikakumbuka kwamba ni mwalimu, nikamwamkia upya.

Amesema nimefanya vizuri, niiache hivyohivyo, kesho tutafute pamoja kinachozuia zile tisa. Muhidin naye alisema niiache hivyohivyo. Watu wazima wawili, kauli moja. Wanaogopa nguvu zangu.

Ijumaa, 19 Septemba

Niliwaza hivi wakati wa kupiga mswaki. Jumatano kosa lilikuwa zamu. Kwa hiyo na Jumanne kosa lilikuwa zamu! Ndiva kubwa haikuwa na hatia. Nikawahi shule kabla ya kengele, nikairudishia zram ule ukubwa wa mara tatu.

Slaidi ya sita. Mbele ya wote. Mbuzi.

Blessing akakaa kwenye namba moja. Alibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayehesabu mayai. Arobaini zote.

Mwalimu akamuuliza zram yake kaifanyaje. Akasema hajaigusa. Ila zile picha mwalimu alizipiga kwa simu yake mpya, kila moja kubwa kama bango la barabarani. Yeye alizipunguza zienee kioo tu, basi. Robo saa. Siku ya Jumatatu.

Jumatatu! Siku nne zote alikuwa anafanya hesabu zake na kunitazama.

Nilimpa mkono wa pongezi. Kisha nikaenda bombani kunawa uso, kwa muda mrefu kidogo.

Akanifuata. Alisimama pembeni akichezea kola yake. Akasema yeye maikrofoni hawezi. Aliwahi kusomeshwa mstari mmoja wa Biblia kwenye sala ya Jumuiya akaishiwa pumzi wakampepea kwa kitenge. Alishamwambia mwalimu: yeye abonyeze, niseme mimi. Mwalimu akamwambia nafasi kwenye gari ni moja. Basi, naye akasema, achukuliwe Ernesta na mashine, maana Ernesta anaongea hata na kompyuta iliyoganda.

Mwalimu kacheka, kampigia dereva wa gari la tangawizi. Tutabanana mbele. Tunabanika!

Nikanawa uso tena.

Jumamosi, 20 Septemba

NIMEISHIKA! Ni nzito kuliko nilivyodhani, na inanuka.

Same kuna joto na upepo wa vumbi. Blessing alibonyeza, mimi nilisema. Arobaini bila kuganda hata moja. Mgeni rasmi, mama mwenye miwani kutoka ofisi ya elimu, akauliza mashine kuukuu hivi inawezaje. Blessing akaangalia viatu vyake. Kwa hiyo nikajibu mimi. Nikasema yote: ndiva iliyomeza shamba, zamu zilizopinduka, na mwenzangu aliyepunguza mzigo wakati mimi naongeza debe. Watu walicheka mpaka wa banda la nyuki wakaja kuona kuna nini. Wakapiga makofi. Blessing naye alicheka, kwa sauti, mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza.

Mgeni kasema Jumatano anapanda kwetu kuziona mashine zenyewe. Huenda shule ikapewa nyingine.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya ibada Mwalimu Loth aliniomba, mbele ya mama, nisiiguse mashine namba moja mpaka mgeni aje na kuondoka. Nimeahidi. Ni mwalimu mwema, hapendi nichoke.

Lakini nimefikiri. Namba moja ilimaliza slaidi arobaini ikiwa na zram ya nusu tu. Nusu! Ingekuwa mara tano?

Kesho nimejitolea kufagia chumba cha kompyuta. Peke yangu.