Funda Moja la Bibi Yuditha wa Mwika

Nyamazeni, enyi mlioketi kwenye mabenchi, nanyi mliosimama kwa kukosa mabenchi! Wekeni chini mifupa ya mbuzi, futeni vidole, mnisikilize, kwa maana nataka kusimulia habari ya vita kuu iliyopiganwa Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, siku ya Krismasi, katika miaka ile maji yalipoanza kuuzwa ndani ya chupa. Nawe, ee Bwana, uliyealikwa arusini Kana na hukuwaambia watu wanywe chai, nisaidie niseme kweli. Na pale kweli itakapopungua, nisaidie niseme vizuri.

Shujaa wa habari hii ni Bibi Yuditha, mjane wa marehemu Anaeli, mshika-kata, mtisha-mapipa, ambaye ulimi wake uliheshimiwa kutoka msituni juu hadi barabara ya lami chini. Tangu alipoolewa, hakuna mwanamume aliyekunywa mbege ya Krismasi katika ua ule, ile pombe yetu ya ndizi mbivu na ulezi, kabla yeye hajapiga funda la kwanza na kutamka neno moja: "Imeiva." Akisema "Bado," wanaume wazima wenye ndevu walirudi makwao wakiwa wakavu, wala hakuna aliyebisha.

Lakini wakati wa Pasaka mama huyo alianguka katikati ya mibuni. Mwanawe Elifuraha, mfanyabiashara wa Holili, simba wa mpakani, mwenye kitambi na pikapu, alimbeba mgongoni hadi barabarani, akilia njia nzima kama mtoto. Daktari akampima, akasema ni sukari, akasema mbege basi. Elifuraha akaapa mbele za Mungu na mbele ya manesi kwamba tone halitapita tena katika koo la mama yake.

Tangu siku hiyo Bibi Yuditha akawa mtu wa kiti. Watu walimwamkia shikamoo, wakapita. Kwenye kipaimara cha mjukuu wake, pipa lilifunguliwa bila yeye. Mtu mmoja akatamka "imeiva" kwa kukisia tu, na nusu ya ukoo ikashinda migombani imeshika matumbo. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Hilo ndilo lililomuuma, ndugu zangu, wala si kiu.

Basi Krismasi ilipokaribia, Elifuraha akapanda mlima na pikapu yake, makreti ya bia yakigongana nyuma kama silaha za jeshi linalohama. Akashusha pia katoni moja, akaiweka miguuni pa mama yake kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hicho nini?"

"Maji, mama. Safi kabisa. Ni yako peke yako."

Bibi Yuditha akageuka polepole, akautazama mfereji unaopita nyuma ya nyumba, uliokuwa ukishuka kutoka mlimani tangu enzi za babu zao, bila kumdai mtu chochote.

"Maji umeyanunua?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo aliyekuuzia, anajua unatoka wapi?"

Elifuraha akajifanya hakusikia, akasimama katikati ya ua na kutangaza sheria. "Mbege mwaka huu atapika mke wangu Elisifa. Wewe mama utapumzika. Kuonja, hapana. Kulamba, hapana. Hata kunusa kwa karibu, hapana."

"Sawa, baba," akasema Bibi Yuditha.

Hapo ndipo Elifuraha alipopaswa kuogopa, maana mama yake hakuwahi kusema "sawa" bila ugomvi tangu aolewe. Lakini mshindi huwa na masikio mafupi, na yeye alikwenda zake kuosha pikapu.

Elisifa akafanya kazi. Alimenya ndizi, akazichemsha pipa zima, akazichuja, akatwanga msesewe, lile gome chungu linaloipa mbege makali yake. Bibi Yuditha alikaa kwenye kiti, hakusema neno. Mkesha wa Krismasi ukafika, siku ya kutia uji wa ulezi, ambao usipokuwapo, mchuzi wa ndizi ni mchuzi tu. Ndipo akainua sauti.

"Elifuraha, nina ombi dogo. Niacheni nitie ulezi kwa mkono wangu. Huu ni uji tu, hata mtoto anapewa."

Elifuraha akaukagua uji ule jinsi alivyoona mizigo ikikaguliwa mpakani. Akaunusa, akauchungulia, akamhoji mke wake. Hakuona magendo. Akaruhusu, kisha akasimama juu ya kichwa cha mama yake asije akalamba mwiko. Hakulamba. Alimimina, akakoroga, akafuta mkono kwenye khanga, akamshukuru Mungu kwa maneno machache. Elisifa, mtoto wa mlima uleule, akainama upesi kufunika pipa kwa majani ya mgomba, ili mumewe asione anacheka.

Kwa maana Elifuraha alikuwa amesahau! Miaka mingi ya kunywa bia ya chupa, ambayo mnywaji hamjui hata aliyeipika, ilikuwa imemsahaulisha sheria ya ua wa baba yake. Mwenye pombe si aliyemenya ndizi, wala si aliyechochea moto. Mwenye pombe ni mkono uliotia ulezi. Na mwenye pombe asipoonja mbele za watu, pombe hiyo hainyweki, hata kama wanywaji wanakauka.

Nao siku ile walikuwa wanakauka hasa, maana mahubiri yalikuwa marefu. Walikuja moja kwa moja kutoka kanisani, wazee wa ukoo katika makoti yao, wakiongozwa na Mzee Ndelilio, mdogo wake marehemu Anaeli, nguzo ya usharika, mwenye sauti ya tarumbeta na kiu ya ngamia. Wakaketi. Elisifa akachota mbege, akampelekea kata. Na kata, kwa asiyeijua, ni kibuyu kilichokatwa, chenye mpini, na tako lake ni la mviringo, haiwekwi chini. Mkono ukiipokea, ama unywe, ama umpe mwingine.

Mzee Ndelilio akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Elisifa mwanangu, nani alitia ulezi?"

"Mama."

"Ameonja?"

Elifuraha akajitokeza, uso umempauka.

"Baba mdogo, mama haruhusiwi. Nitaonja mimi."

"Wewe ulitia ulezi?"

"Sikutia, lakini mimi ni mwanawe."

"Hata mimi ni shemeji yake, na sikutia."

"Jamani, ni pombe ya nyumbani! Mnamwogopa mama?"

"Hatumwogopi," akanguruma Mzee Ndelilio. "Tunaiogopa siku tutakayoanza kunywa kama vile yeye hayupo. Tulijaribu kwenye kipaimara, na mimi mwenyewe nililala migombani. Sasa fanya haraka, mangi wangu, chifu mwenye sheria zako, koo linaniuma."

Elifuraha akaleta kikosi chake cha akiba, yaani makreti. Mzee mmoja alipokea chupa mbili, akashukuru, akazificha chini ya benchi, kisha akarudi upande wa upinzani. Wengine hawakunyoosha hata kidole.

Ndipo Bibi Yuditha aliposimama, ameegemea fimbo yake, akanena: "Wazee wangu, msigombane na mtoto wangu. Amenibeba mgongoni, nami namheshimu. Nimekatazwa, nimekubali. Elisifa, fungulia ng'ombe."

"Ng'ombe, mama?"

"Wanywe wao. Ng'ombe hawana desturi."

Loo, kelele zilizopanda hapo! Mabenchi yalilia, makoti yalifunguka, mtu akaomba rehema kwa Mungu, mwingine kwa ng'ombe. Na Elifuraha, aliyekuwa amewashinda matapeli wa mipaka miwili, akatia mkono mfukoni, akatoa kijiko cha dawa.

"Kijiko kimoja, mama. Kimoja tu."

"Kijiko!" akapaza Mzee Ndelilio. "Anaumwa kikohozi?"

Watu wakacheka, lakini Elifuraha hakucheka. "Baba mdogo, nyinyi hamkuwepo siku ile. Alikuwa mzito, halafu akawa kimya. Nilidhani amenifia mgongoni."

Kicheko kikafa. Bibi Yuditha akamsogelea mwanawe, akaushika ule mkono wenye kijiko, akaupandisha hadi shingoni mwake.

"Funda moja, baba. Shika koo langu, uhesabu mwenyewe."

Basi akapokea kata kwa mkono wa kulia. Akapuliza makapi ya ulezi, nayo yakajitenga pande mbili kama jeshi lililoona mfalme. Vidole vya mwanawe vikiwa kooni pake, akainamisha kata, akanywa. Koo likapanda, likashuka. Elifuraha akangoja lipande tena. Halikupanda. Wapo wanaosema saa ile Kibo, kilele cha mlima wetu, alitoka mawinguni kuchungulia. Mimi nasema kweli, palikuwa na ukungu na kuku.

"Je?" akanong'ona Mzee Ndelilio, na kunong'ona kwake kukasikika hadi kwa jirani.

Bibi Yuditha akatafuna utamu ule usiotafunika. "Elisifa, msesewe umezidi kidogo." Akawatazama wote, mmoja mmoja, nao wote wakamtazama yeye. "Imeiva."

Vigelegele! Mbwa alikimbilia kwa majirani Wakatoliki. Lakini kata bado ilikuwa mkononi mwake, na kata haiwekwi chini, akampa mwanawe. Elifuraha akanywa hadi mwisho, akainuka na makapi ya ulezi kwenye sharubu.

"Kweli, mama. Umezidi."

"Kumbe ulimi bado unao! Nilidhani waliuchukua pale Holili."

Naye, akihofia funda la pili, akapasua katoni upesi, akamimina maji ya chupa kwenye glasi, akamkabidhi. Mama akapokea kwa heshima. Akapuliza juu yake, ingawa hapakuwa na makapi. Akaonja. Akayashikilia mdomoni muda mrefu, macho ameyafumba, na ua mzima ukangoja hukumu.

"Bado," akasema, akamrudishia glasi. "Hayajaiva."

Hivyo ndivyo Bibi Yuditha alivyorudishiwa kiti chake cha enzi kwa funda moja, bila tone la damu kumwagika wala tone la mbege. Wakaao Mwika na waandike jambo hili katika mioyo yao, na Mungu aliyeumba ndizi, ulezi, na wana wenye hofu ya mama zao, asifiwe. Maji yale waliyatumia kuoshea kata.